Michelin Pilot Street kwenye Pulsar NS200: nilivyoyaona kwa mvua ya Mombasa

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Kwa pikipiki ya barabara inayotembea Mombasa mwaka mzima, tairi zuri ni lile linaloshika lami iliyolowa. Kudumu, sura, upana wa kupendeza macho, hayo yaje nyuma. Nimefunga matairi ya Michelin Pilot Street mbele na nyuma kwenye pikipiki yangu, Pulsar NS200, masika nzima imepita juu yake, na nayasifu kwa moyo mmoja. Ila sifa hizi si za jina lililoandikwa ubavuni peke yake. Tairi bora likinunuliwa saizi isiyo yake, au likiwa limekaa dukani miaka, au likifungwa na mtu wa haraka haraka, pesa zako zimekwenda na maji.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Nakaa Likoni, wateja wangu wengi wako Nyali na Bamburi, wengine Diani, na mara moja moja naitwa Miritini kwenye maghala yenye vyumba vya baridi. Nyuma ya pikipiki kuna begi la vifaa, mara nyingi na mtungi wa gesi juu yake. Jumapili begi linashuka, anapanda mke wangu, twende Kwale kwa mamake. Nayasema haya ili mjue tairi langu la nyuma linabeba nini, maana ushauri wa tairi bila kujua mzigo ni maneno matupu.

Barabara zetu zina tabia zake. Kibarani hadi Changamwe ni njia ya matrela. Yanatoka bandarini yamejaa, yanakaa foleni, na trela likisimama sana mahali pamoja hudondosha dizeli na oili. Kiangazi huoni kitu, unaona lami nyeusi tu. Ikija mvua ya kwanza, ile ya rasharasha, mafuta yanaelea juu ya maji, yanachanganyika na vumbi na unga wa mpira wa magari, na barabara inateleza kama mlenda. Ikinyesha kwa nguvu nusu saa, yote yanaoshwa na pikipiki inashika vizuri kuliko mwanzo. Kwa hivyo mtu anayengoja mvua kubwa ndipo aogope, ameogopa saa siyo. Ya kuogopa ni ile rasharasha ya dakika kumi za kwanza.

Halafu tuna kabro, yale matofali ya saruji yanayopangwa barabarani, Mji wa Kale na mitaa mingi ya Nyali, ambazo zikishasuguliwa na magari miaka zinang'aa, na zikilowa hazina huruma. Tuna feri, sakafu ya chuma yenye maji ya bahari na mchanga wa viatu vya watu. Tuna mchanga mweupe unaopeperushwa hadi kwenye lami upande wa Bamburi na Shanzu. Na tuna jua. Jua la Mombasa linafanya kazi kwenye mpira kila siku, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Tairi la nyuma lililokuja na pikipiki lilikuwa gumu. Lilidumu, hilo silikatai, na barabara ikiwa kavu halikuwa na neno. Lakini kwenye kabro mbichi ukigusa breki ya nyuma kidogo tu, tako la pikipiki linaanza kutafuta njia yake. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mpira wenyewe. Watengenezaji huchanganya mpira na masizi, ndiyo yanayolipa tairi weusi wake. Siku hizi wengi wanaongeza silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga, kwa sababu mpira wenye silika unashika vizuri zaidi lami yenye maji. Michelin walianza kuuza matairi ya magari yenye silika mwaka 1992, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo. Sasa ukiingia dukani ukauliza "lipi linadumu?", muuzaji atakupa gumu. Ukiuliza "lipi linashika kwenye maji?", mazungumzo yanageuka kabisa, na mara nyingi hata bei inageuka.

Kabla ya kuuliza lolote, soma ubavu wa tairi ulilo nalo. Langu la nyuma ni 130/70-17, la mbele 100/80-17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kikihesabiwa kwa asilimia ya upana huo, kwa hivyo 130/70 ni ubavu wa milimita 91. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hapo ndipo vijana wengi wanapotaka 140 badala ya 130, tairi lionekane nene kama la pikipiki kubwa. Kimo cha 140/70 ni milimita 98. Umeinua sehemu ya nyuma kwa milimita 7, umesogeza mpira karibu na cheni na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na juu ya hayo rimu iliyotengenezewa 130 inalibana lile pana, mgongo wake unachongoka. Unanunua upana, na lami inayogusa tairi haiongezeki jinsi ulivyodhani. Mimi nimebaki na saizi ya kiwandani, na kila nikiona 140 kwenye rimu nyembamba nasikitika kwa pesa za mwenzangu.

Baada ya saizi kuna namba nyingine na herufi ambazo hapa kwetu karibu hakuna anayezitazama. Kwenye Pilot Street yangu ya nyuma ni 62S. Hiyo 62 ni alama ya uzito ambao tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba, maana yake kilo 265. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, ambao NS200 haifiki. P ni 150. Herufi haikunishughulisha sana, namba ndiyo iliyonishughulisha, kwa sababu ya begi na mtungi na mke.

Na hapa niseme na ndugu zangu wa bodaboda. Tairi la 3.00-17 lenye 50P, ambalo ni la kawaida sana nyuma ya pikipiki za abiria, mwisho wake ni kilo 190. Toa uzito wa pikipiki yenyewe unaoangukia nyuma, toa wewe dereva, halafu tazama kimebaki nini cha abiria watatu na gunia la viazi. Tairi likipasuka njia ya Mtongwe mtu husema ni msumari. Wakati mwingine ni msumari. Wakati mwingine nyuzi za ndani zilikuwa zimechoka zamani kwa mzigo na upepo mdogo, msumari ukaja kumaliza tu.

Sasa dukani. Duka la kwanza nililoingia, kijana alinitolea tairi la saizi yangu, akalipangusa kwa kitambaa.

"Ami, hili jipya kabisa. Tazama, bado lina nywele."

Vile vinyweleo vya mpira vinatokana na vitundu vya kutolea hewa kwenye kalibu la kiwandani. Vinaonyesha tairi halijatembea, umri havijui. Nikamwomba tochi ya simu, nikazunguka ubavu hadi kwenye herufi DOT, nikafuata mpaka kwenye kijisanduku cha mviringo chenye namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ilikuwa 1119, wiki ya 11 ya mwaka 2019. Nikamwonyesha.

"Lakini ami, lilikuwa ndani, halijaona jua."

Sikugombana naye, pengine hata yeye hakujua. Kivuli kinasaidia, lakini joto la stoo ya bati hapa Mombasa si kivuli cha kutegemea, na mpira unazeeka kwa joto na hewa hata ukiwa umetundikwa ukutani. Michelin wenyewe wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likitimiza 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linaonekana zima. Mimi sinunui jipya lenye zaidi ya miaka miwili tangu kiwandani, kwa sababu nataka miaka yake ya ulaini niitumie mimi, isitumiwe na rafu ya duka. Ukikuta umri umepita na muuzaji amekushushia bei sana, jua kwamba amekwisha kuisoma namba ile kabla yako.

Yangu niliyapata Jomo Kenyatta Avenue, upande wa Mwembe Tayari, kwenye duka dogo ambalo mwenyewe alinitolea mawili, akanionyesha tarehe kabla sijauliza. Hilo peke yake lilinifanya nisizunguke tena. La nyuma lilizidi kidogo elfu kumi, la mbele chini ya hapo. Kwa bei hiyo ungepata ya kampuni za India na chenji ya kuweka mafuta wiki nzima, na sitasema ni mabaya. MRF, CEAT, TVS Eurogrip, hizi ni kampuni zinazotengenezea pikipiki za India matairi kutoka kiwandani, matairi yao yanapatikana kila mahali, na mtu anayetembea zaidi kwenye barabara kavu ya Mariakani kuliko kwenye kabro za mjini anaweza kuchagua huko akaridhika. Swali ni unatembea wapi.

Kufunga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tofauti kati ya fundi na fundi inapoonekana.

Fundi wangu yuko Majengo, chini ya mwarobaini, mzee mwenye kompresa moja na subira nyingi. NS200 ina rimu za aloi, tairi halina tyubu, kwa hivyo hewa inazuiwa na mdomo wa tairi kukaa sawasawa kwenye ukingo wa rimu. Alipotoa tairi la zamani aliniita.

"Njoo uone, bwana. Huu ndio upepo wako unaopungua kila wiki."

Ukingo wa ndani wa rimu ulikuwa na unga mweupe na vishimo vidogo vidogo. Chumvi. Mtu akikaa Likoni akavuka feri kila siku, maji ya bahari yanaingia kila mahali, na aloi inaliwa taratibu pale pale tairi linapokaa. Nilikuwa naongeza upepo nikidhani ni vali. Mzee alichukua msasa laini akausugua ukingo mzima kwa mkono, polepole, akipitisha kidole kila baada ya shibiri moja, akapangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, akarudia. Karibu saa nzima rimu mbili. Angeweza kupaka gundi nyeusi akafunga, wengi hufanya hivyo, na ningeondoka nikiwa sijui. Vali zote mbili akazitupa akaweka mpya, na kweli ile ya zamani alipoikunja ilipasuka shingoni. Kama unanunua tairi la elfu kumi, usikubali kurudishiwa vali ya zamani kwa kuokoa pesa za chai.

Wakati wa kuingiza, aliweka vipande vya plastiki alivyokata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia kati ya chuma chake na rimu, aloi isikwaruzwe. Akapaka maji ya sabuni. Akatazama mshale ubavuni, kwa sababu mifereji ya tairi imechongwa kusukuma maji nje ikizunguka upande mmoja tu, na akahakikisha kidoa cha njano, kinachoonyesha upande mwepesi wa tairi, kimekaa pale pale penye vali, ambapo rimu ina uzito. Kompresa ikanguruma, mdomo ukaruka kwenye ukingo, pa, halafu pa ya pili. Akanyunyizia sabuni kuzunguka kote. Hakuna povu hata moja. Tangu siku hiyo upepo wangu unakaa, napima tu, siongezi ovyo.

Kupima nako kuna njia yake. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi, na ufuate kitabu cha pikipiki yako, ambacho kina kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha watu wawili. Vijana wa upepo vituoni hujaza mpaka tairi likigongwa linalia. Hapo umepunguza sehemu inayogusa lami, na lile tairi laini ulilolipia ghali umeligeuza gumu kwa mkono wako.

Siku za kwanza kaa na adabu. Tairi jipya lina utelezi wa vitu vya kalibu juu ya mpira, na linahitaji kama kilomita 150 za mwendo wa taratibu ndipo liamke. Mimi nilizimalizia Dongo Kundu, kutoka Likoni kupitia Mteza na Tsunza hadi Mwache na kurudi, barabara pana isiyo na msongamano. Kule juu ya madaraja upepo wa kusi unakupiga ubavuni, na nilipenda jinsi pikipiki ilivyokaa kwenye mstari wake. Inainama kwa wepesi, haikuangushi kwenye kona wala haikatai kuingia.

Mvua ilipokuja ndipo nikajua nimenunua nini. Njia ya Changamwe, rasharasha, magari yamepunguza, trela mbele yangu likafunga breki ghafla. Nikashika ya mbele kwa vidole viwili, nikaongeza taratibu, na nikahisi mbele inakaza, inakaza, haiachii. Nikasimama na nafasi ikabaki. Kwenye kabro za Mji wa Kale ile hali ya tako kuhama imekwisha kwenye mwendo wa kawaida. Sisemi ukimbie. Nasema unapata onyo mapema, unasikia tairi likianza kulegea kabla halijaachia, na muda huo mdogo ndio unaomrudisha mtu nyumbani. Barabara ya kupanda Kwale kutoka Kombani, zile kona za Golini zikiwa zimelowa, mke wangu aliyezoea kunibana mbavu alikuwa anaongea habari za harusi ya binamu yake njia nzima.

Kwenye feri hakuna muujiza. Chuma chenye maji ya chumvi hakishikwi na tairi lolote la barabara. Shuka ngazi ile ukiwa wima, gia ya kwanza, usiguse breki ya mbele, usigeuze usukani mpaka tairi la nyuma limefika kwenye saruji. Na haya ni matairi ya lami. Barabara za mchanga za ndani Mtwapa na Shanzu yanapita, lakini hayakuchongwa kwa ajili hiyo, na kama nusu ya safari zako ni huko tafuta yenye meno makubwa.

Kuhusu kudumu: mpira unaoshika huisha mapema kuliko mgumu, na nimekubali bei hiyo. Tazama herufi TWI au alama ndogo begani mwa tairi, zinakuelekeza kwenye vijituta vilivyo ndani ya mfereji. Mpira ukilingana na vijituta, tairi limekwisha, usingoje kipara. Langu la nyuma linaliwa katikati zaidi, kwa sababu barabara zetu ni za moja kwa moja na mzigo uko nyuma, na katikati ndipo unapopaswa kupima, si pembeni ambako meno yatabaki marefu hadi siku ya mwisho. Uingereza sheria inadai milimita 1 kwa pikipiki. Mimi kabla ya masika, mwezi wa tatu, nikiona langu limekaribia kipimo hicho nitabadilisha lote, maana Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote na mfereji usio na kina hausukumi maji.

Shemeji ana Yamaha YBR 125, naye sasa anataka haya haya. Kwake ni 2.75-18 mbele na 90/90-18 nyuma, rimu za inchi 18, na maduka mengi ya mjini yamejaza 17 kwa sababu ya bodaboda. Mwenye duka wa Mwembe Tayari amekubali kuagiza, na ameambiwa mapema kwamba tarehe itasomwa kabla pesa hazijatoka. Kama rimu zako ni za spoki, hakikisha umenunua na tyubu mpya ya saizi ile ile, na tairi liwe na herufi TT, yaani la tyubu, au TL/TT, linalokubali kufungwa na tyubu au bila tyubu, kwa sababu hewa itavujia kwenye mashimo ya spoki hata tairi liwe zuri namna gani.